Kutoka Dharura Hadi Wodini: Maneno Yanayopotea Njiani

Kabla ya daraja kujengwa, mgonjwa aliyetoka Lupiro, Mahenge au Malinyi kwenda Ifakara alilazimika kuusubiri mto. Gari lililombeba lilifika ukingoni likazima injini, na ndugu zake wakakaa wakitazama kivuko kikiwa ng'ambo ya pili. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu pingamizi, au kwa mtoto mwenye degedege, nusu saa ya kusubiri ni nyingi mno. Mwezi Mei 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384 juu ya Mto Kilombero, na sasa safari ya kuvuka ni ya dakika moja tu kwa gari.

Upo mvuko mwingine ambao hakuna mhandisi aliyewahi kuujengea daraja. Nao ni ukumbi unaotenganisha idara ya dharura na wodi. Ni hatua chache za sakafu ya saruji, ambazo mtu mzima mwenye afya huzitembea bila kuzihesabu. Lakini mgonjwa anayesukumwa juu ya kitanda cha magurudumu hutoka katika mikono ya watu wanaomfahamu kwa saa mbili zilizopita, akaingia katika mikono ya watu wasiomfahamu hata kidogo. Kila linalojulikana kumhusu lazima livuke pamoja naye. Makala haya yanahusu yale yasiyovuka.

Nimechagua kuyaandika nikilitazama bonde la Kilombero kwa sababu huko jambo hili huonekana waziwazi. Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis mjini Ifakara ina vitanda zaidi ya 350 na hutegemewa na watu wanaokaribia milioni 1 katika wilaya za bonde hilo na milima inayolizunguka. Wagonjwa hufika kwa gari la wagonjwa, kwa bajaji, kwa bodaboda wakiwa wameshikiliwa katikati ya dereva na ndugu, na wengine kwa treni ya TAZARA kutoka upande wa Mlimba. Wengi wamekwisha kupita zahanati moja au kituo kimoja cha afya, pengine vyote viwili. Kwa hiyo mgonjwa anapofika mlango wa wodi, huenda amekwisha kukabidhiwa mara mbili au tatu, na kila mara kuna kitu kilichodondoka.

Msomaji aliyelazwa miaka ya nyuma anaweza kuuliza: mbona zamani hatukusikia habari za makabidhiano haya? Swali ni la haki. Zamani katika hospitali zetu nyingi hapakuwa na idara ya dharura kwa maana ya leo. Palikuwa na chumba cha wagonjwa wa nje, na daktari yule yule aliyekuona pale ndiye aliyekuandikia kulazwa, na kesho yake asubuhi ndiye aliyepita kitandani kwako. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yakaanza katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Muhimbili. Tangu hapo fani hiyo imeenea mikoani, Ifakara ikiwemo. Imeokoa wengi: mgonjwa mahututi sasa haketi kwenye benchi akisubiri zamu yake nyuma ya mwenye mafua. Hata hivyo, kila unapoigawa kazi ya mtu mmoja kwa watu wawili, unazaa kiungo kipya baina yao, na kiungo ndipo mahali panapolegea.

Saa kumi ya nani?

Tumchukulie mtoto wa miaka mitatu. Nimemtunga, lakini kila kilichomo katika habari yake hutokea. Anaishi na wazazi wake shambani, katika dungu, maana ni msimu wa kulinda mpunga. Ana homa kwa siku mbili. Siku ya tatu anashikwa na degedege, na baba yake anamkimbiza zahanati. Tabibu pale anafanya yote yanayompasa: anapima malaria, kipimo kinaonyesha ipo, anamchoma sindano ya kwanza ya artesuneti, anampa diazepamu kupitia njia ya haja kubwa, na degedege linatulia. Kisha anaandika barua ya rufaa. Katika barua anaandika dawa zote mbili, na kando yake anaweka wakati: saa 10.

Hapo ndipo hatari inapoanza, nayo imetokana na jambo la kujivunia katika lugha yetu. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa kumi ya Mswahili ni kumi jioni au kumi alfajiri. Lakini karatasi za hospitali, chati za dawa na saa ya ukutani hufuata hesabu ya kimataifa, ambayo kwayo 10 ni saa nne asubuhi au saa nne usiku. Tabibu alipoandika saa 10 alimaanisha saa kumi jioni. Daktari wa dharura anayeisoma barua saa kumi na moja na nusu, akiwa na wagonjwa wengine watano mbele yake, anaweza kuelewa kuwa ni saa nne asubuhi.

Fuatilia kosa hilo linavyotembea. Artesuneti kwa malaria kali hutolewa mara tatu katika siku ya kwanza: mwanzo, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, baadaye mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza dawa ya mseto. Kama sindano ya kwanza ilikuwa saa kumi jioni, ya pili ni saa kumi alfajiri. Kama iliaminiwa kuwa saa nne asubuhi, ya pili itachomwa saa nne usiku, yaani saa sita kabla ya wakati wake. Kosa hilo pekee pengine lisingemdhuru sana mtoto. La diazepamu ndilo linalotisha. Daktari anayeamini kwamba dawa hiyo ilitolewa asubuhi hudhani imekwisha kupungua mwilini. Mtoto anaposhikwa na degedege tena mbele yake, anampa dozi nyingine, na hapo hajakosea: mwongozo unaruhusu dozi ya pili. Halafu mtoto anapelekwa wodini saa mbili kasoro usiku, wakati wauguzi wa zamu ya jioni wanakusanya vitu vyao na wa zamu ya usiku ndio kwanza wanavaa aproni. Aliyemsukuma ni mhudumu. Faili limo chini ya godoro. Anayepokea anaambiwa, "Malaria kali, amepewa dawa." Saa tatu usiku degedege linarudi. Muuguzi anafanya alichofundishwa: anafungua kabati na kuchukua diazepamu.

Diazepamu ikizidi humfanya mtoto asahau kupumua. Dozi ya tatu ndani ya saa tano inaweza kuzima kile ambacho ya kwanza iliokoa. Tena upo uwezekano kwamba degedege la saa tatu halikuhitaji diazepamu hata kidogo, lilihitaji sukari. Mtoto mwenye malaria kali huishiwa sukari mwilini, na hata akiongezewa, inaweza kushuka tena saa chache baadaye. Idara ya dharura huenda ilikwisha kuikuta iko chini, ikaipandisha, ikaandika katika ukurasa wa pili wa faili lile lile lililo chini ya godoro.

Katika mlolongo huo sioni mvivu wala mjinga. Tabibu wa zahanati alifanya vema, daktari wa dharura alifanya vema, muuguzi wa wodi alifuata mwongozo. Wote watatu walikuwa sahihi, kila mmoja kwa sehemu aliyoiona.

Dawa yake katika suala la saa ni ndogo mno hata inaona haya kuandikwa katika jarida la chuo kikuu: andika neno "jioni", "usiku", "alfajiri" au "asubuhi" kando ya saa, au tumia saa 24 na uandike 16:00. Na unapotaja kwa mdomo, taja yote mawili. Kwa mama mwenye kifafa cha mimba jambo hili lina uzito huo huo. Sindano za magnesiamu za kuendeleza tiba hutolewa kila baada ya saa nne, na kila mara kabla ya kuchoma ni lazima kuhakikisha kwamba anapumua sawasawa, goti lake linaitikia likigongwa, na mkojo unatoka wa kutosha. Anayempokea asipojua ya mwisho ilichomwa saa ngapi atachelewesha au atazidisha, na yote mawili yanaua.

Jina la ugonjwa hufunga macho

Nirudi kwenye yale maneno mawili, "malaria kali". Daktari wa dharura na daktari wa wodi hawatafuti kitu kimoja. Wa kwanza hujiuliza: ni nini kitakachomuua mtu huyu katika saa moja ijayo, nami nikizuieje? Wa pili hujiuliza: ana ugonjwa gani, na tutautibu kwa siku ngapi? Wanapokutana mlangoni, wa pili hudai jina la ugonjwa kwa sababu wodi zimepangwa kwa majina ya magonjwa, na wa kwanza hulitoa hata kama hana hakika, ili kitanda kipatikane. Jina hilo likishaandikwa juu ya faili huwa kama mhuri. Watu huacha kutafuta.

Ifakara ina sababu yake ya kulijua hili. Miongo michache iliyopita bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa mahali penye maambukizi makubwa ya malaria duniani. Ndiyo maana Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara ndogo aliyoianzisha Rudolf Geigy kutoka Uswisi mwaka 1957, ilikuja kujulikana kwa utafiti wa mbu na vyandarua. Ilikuwa desturi, na haikuwa desturi ya kipumbavu, kuichukulia kila homa ya mtoto kuwa malaria. Lakini watafiti waliochunguza kwa makini watoto 1,005 wa wagonjwa wa nje wenye homa, baadhi Dar es Salaam na baadhi Ifakara, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walikuta malaria kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 tu. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Hao walikuwa wagonjwa wa nje, si mahututi wa kulazwa, na hesabu ya wodini ni nyingine. Hata hivyo somo linabaki. Kipimo cha malaria kikionyesha ipo, hakijasema kwamba hakuna kitu kingine. Mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu na papo hapo ana homa ya uti wa mgongo.

Kwa sababu hiyo naamini neno lenye thamani kuliko yote katika makabidhiano ni "sijui". "Ana malaria, tumeanza tiba, lakini shingo yake naiona ngumu kidogo, sijui kama ni uti wa mgongo, kipimo cha maji ya uti hatujakichukua." Sentensi hiyo haichukui hata nusu dakika, na anayeisikia hawezi tena kulala juu ya lile jina.

Nasema hivi nikiwa na deni. Nilipokuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa usiku kijana dereva wa bodaboda aliyeanguka. Alikuwa na jeraha dogo juu ya sikio na alinuka pombe ya gongo tangu kichwani hadi miguuni. Alijibu akiitwa, akasinzia tena. Dereva mwenzake aliyemleta aliniambia kwamba huyu hanywi, ni mlokole. Gongo lilikuwa katika dumu la abiria aliyempakia, nalo lilipasuka walipoanguka. Nilimsikia. Nilishona jeraha, nikamwandikia kulazwa, na nilipomkabidhi kwa wodi ya wanaume nilisema, "Ajali ya pikipiki, amelewa, mwangalieni asubuhi."

Muuguzi wa usiku alimwona akitapika mara mbili. Baadaye aliniambia, bila kunilaumu, kwamba mlevi hutapika. Alimwona akikoroma. Mlevi hukoroma. Kila dalili ya damu iliyokuwa ikijikusanya ndani ya fuvu ilipata maelezo yake katika neno moja nililolibeba mimi kutoka mlango wa dharura, ilhali maneno ya yule dereva mwenzake niliyaacha nje. Alifariki kabla ya alfajiri. Sijui kama angepona. Hospitali ile haikuwa na uwezo wa kufungua kichwa, na rufaa ingekuwa ya safari ndefu. Lakini hakupewa hata nafasi ya safari hiyo.

Kinachojulikana duniani, na kinachowezekana kwetu

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa masuala tisa ya usalama wa mgonjwa pamoja na njia za kuyatatua, na mawasiliano wakati wa kukabidhiana wagonjwa yalikuwa mojawapo. Marekani, hospitali za Kaiser Permanente huko Colorado zilichukua utaratibu wa kutoa taarifa uliotumiwa katika nyambizi za jeshi la majini, zikaufanya wa kitabibu. Unajulikana kwa herufi SBAR, na kwa Kiswahili ni mambo manne kwa mpangilio: kuna nini sasa, kulikuwa na nini kabla, mimi naonaje, na naomba ufanye nini. Wahudumu wengi wa Tanzania wamekwisha kuusikia katika semina. Upo mwingine, uitwao I-PASS, ulioanzia kwa madaktari wa watoto. Ulipojaribiwa katika hospitali 9 za Amerika ya Kaskazini, kwa wagonjwa waliolazwa mara 10,740, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika yakapungua kwa asilimia 30. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Nayapenda zaidi kwa jambo moja ambalo halikutarajiwa na wenye haraka: muda wa makabidhiano haukuongezeka.

Sipendekezi fomu nyingine. Yeyote aliyefanya kazi katika hospitali zetu anajua hatima ya fomu: mwezi wa kwanza zinajazwa zote, mwezi wa pili zinajazwa nusu, mwezi wa tatu zimekwisha na hakuna karatasi ya kurudufu nyingine. Katika I-PASS kuna kipengele cha mwisho kisichohitaji karatasi wala umeme, nacho ndicho ningekichukua kama ningeruhusiwa kimoja tu. Anayepokea hurudia kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, mbele ya anayekabidhi. "Kwa hiyo amepata diazepamu mbili, ya mwisho saa kumi na mbili jioni, sukari ipimwe tena saa tatu, artesuneti ya pili ni saa kumi alfajiri." Kama saa imekosewa, hapo ndipo itakapogunduliwa.

Ugumu wake kwetu uko katika heshima. Muuguzi wa miaka 24 aliyemwamkia daktari "shikamoo" dakika moja iliyopita anaona vigumu kumwambia, "Sijakuelewa, rudia." Tabibu anayepiga simu kwa bingwa usiku huanza kwa kuomba radhi, na mtu aliyekwisha kuomba radhi hujitahidi kufupisha. Sisemi heshima iachwe. Nasema mzigo wa kuanza uwe wa mkubwa. Daktari aseme mwenyewe, "Hebu nirudishie, nione kama nimeeleza vizuri." Hapo kurudia huwa ni kumsaidia daktari, wala si kumpima, na hakuna anayevunjiwa heshima. Hata katika vyuo tuwafundishe hivyo wanafunzi: kwamba maelezo yasipoeleweka, mwenye kosa ni msemaji.

Lipo pia suala la umiliki, ambalo watu hulizungumza kwa mabishano zaidi kuliko kwa utulivu. Daktari wa dharura amekwisha kuamua mgonjwa alazwe. Wodi inasema imejaa, na mara nyingi ni kweli: msimu wa mvua watoto wawili hulala kitanda kimoja. Mgonjwa yuko ukumbini. Kwa idara ya dharura amekwisha kutoka. Kwa wodi bado hajaingia. Dripu imeisha, na anayeiona ni mama yake tu. Hospitali nyingi hazina kanuni iliyoandikwa kuhusu saa hizo, na kila upande unaamini kwa moyo safi kwamba mgonjwa ni wa upande wa pili. Kanuni inayofaa ni fupi: mgonjwa ni wa aliyemtoa mpaka mtu mmoja mwenye jina aseme "nimempokea". Si wodi imempokea, bali ni fulani. Jina hilo liandikwe katika faili pamoja na saa. Na mgonjwa mahututi asisukumwe na mhudumu peke yake; aende naye muuguzi au daktari anayeweza kusema habari zake, na ambaye oksijeni ikikatika njiani atajua la kufanya.

Najua jibu nitakalopewa: idara ya dharura usiku ina wauguzi wawili, mmoja akiondoka anabaki mmoja. Ni kweli, na hakuna ufundi wa maneno utakaoziba upungufu wa watu. Lakini dakika kumi za muuguzi huyo ni ndogo kuliko saa mbili za kumfufua mtoto aliyeacha kupumua wodini.

Aliyekuwepo tangu mwanzo

Katika mlolongo wote wa yule mtoto wetu, kutoka dungu hadi zahanati, zahanati hadi dharura, dharura hadi wodi, yupo mtu mmoja tu ambaye hakubadilishwa na zamu yoyote. Ni mzazi wake. Ameona kila sindano. Anajua degedege lilianza mkono upi. Nasi wakati wa makabidhiano humwambia asubiri nje.

Pale inapowezekana, makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, kwa Kiswahili, mzazi au ndugu akisikia, na mwisho aulizwe, "Kuna tulichosahau?" Faili tunaliandika kwa Kiingereza, na huo ni mjadala wa siku nyingine, lakini hakuna sheria inayotulazimisha kunong'onezana kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mgonjwa. Katika bonde hili lenye Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, pamoja na Wasukuma na wafugaji wengine waliohamia na mifugo yao, wapo wazee ambao hata Kiswahili chenyewe huwawia kigumu. Basi atafutwe wa kutafsiri kabla mgonjwa hajahamishwa, si kesho yake.

Siri za mgonjwa zina mipaka yake. Hali ya VVU, mimba iliyoharibika, jaribio la kujiua: hayo hayasemwi kando ya kitanda katika wodi yenye vitanda kumi na viwili, tena mbele ya shemeji. Yasemwe chumbani kwa wauguzi, kwanza, kwa sauti ya chini, halafu ndipo wote waende kitandani kwa yaliyobaki.

Nanyi mnaouguza, haya yafuatayo ni yenu. Njooni na pakiti za dawa alizotumia mgonjwa, hata zilizokwisha, hata za mitishamba. Hakuna atakayewagombeza, na akiwagombeza amekosea yeye. Ishikeni barua ya rufaa mpaka mmwone mtu akiisoma. Mgonjwa anapohamishwa, ulizeni majina mawili: la anayemtoa na la anayempokea. Ulizeni dawa inayofuata ni saa ngapi, na mseme kama ni ya usiku au ya alfajiri. Ikiwa mgonjwa ni mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga na bado mko kijijini, namba ya m-mama ni 115, haina malipo, na anayepokea simu huuliza maswali ambayo ndiyo mwanzo wa makabidhiano. Msijibu kwa kukisia.

Kwa aliyeumwa na nyoka, jambo la kawaida katika mashamba ya mpunga na miwa, wahudumu wengine huchora kwa kalamu mstari mahali uvimbe ulipofikia mguuni na kuandika saa kando yake. Kila anayempokea huona mwenyewe kama uvimbe umevuka mstari. Natamani magonjwa yote yangekubali kuchorwa hivyo.

Miaka kadhaa baada ya yule kijana wa bodaboda, nikiwa kwingine, nilimpokea wodini mtoto aliyeletwa na bibi yake. Faili lilionyesha diazepamu mara moja. Nikamuuliza bibi, kwa mazoea tu, mjukuu amepata dawa ngapi za kutuliza degedege. Bibi hakujua kusoma. Aliushika upindo wa kanga yake akaunyoosha mbele yangu. Ulikuwa na mafundo mawili. Akaniambia kwamba kila walipomtia mtoto dawa, alifunga fundo, kwa sababu binti yake angemuuliza akifika. Tulipiga simu kituo cha afya walikotoka. Tabibu wa zamu alifungua daftari lake, akahesabu, akasema ni mbili.